Kupelekwa Ustawi

Fundi seremala hakuwa mwoga. Mbao zilishamwangukia, msumeno ulishamla ncha ya kidole, na mama mkwe alishamtembelea bila taarifa. Lakini asubuhi ile alipoingia jikoni kunywa maji, alimsikia mkewe akiongea kwa simu uani: "Kesho ni ustawi tu, dada. Mengine yote tumeyaacha. Ila baba yake asijue kwanza."

Kikombe kikamtoka mkononi.

Nani asiyeijua ofisi ya ustawi wa jamii? Ndiko wanawake wanakowapeleka waume waliotelekeza nyumba zao. Jirani yao muuza mitumba alipelekwa mwaka jana, na mpaka leo akipita njiani anatazama viatu vyake. Mwenzio akinyolewa, wewe tia maji. Fundi akarudi karakanani kwake nyuma ya nyumba, maji yenyewe hajayanywa.

Sasa mtu mwenye tumbo joto umpe msumeno! Mlango wa mteja aliukata ukawa mfupi, yeye anayehubiri kila siku pima mara mbili, kata mara moja. Akaanza kujitetea peke yake mbele ya meza ya kazi. Watoto wanakula? Wanakula. Shule wamesoma? Wamesoma. Amempiga mtu? Hata siku moja. Sasa kosa gani hilo, jamani, la kushtakiwa na mke wako mwenyewe? Lakini kila akimaliza kujitetea roho haikutulia, maana kuna jambo moja alikuwa analiruka kama mtu anavyoruka tope.

Binti yake alikuwa amemaliza sekondari na kufaulu vizuri. Fundi alishautangazia mtaa mzima kwamba huyo ni mwanasheria. Binti akasema sheria hapana. Basi baba akanuna, na si kununa kwa siku mbili. Tangu matokeo yatoke, akitaka chumvi humwambia mkewe, "Mwambie mwanao anisogezee chumvi," na huyo mwanao yuko pale pale mezani, anasikia kila neno.

Jioni uvumilivu ukamwisha. Aliingia sebuleni na vumbi la mbao kichwani, akawakuta mama na binti wameinamia simu moja.

"Mke wangu," akasema, "kama nina kosa si uniambie hapa hapa nyumbani? Mpaka unipeleke ustawi?"

Binti akaziba mdomo, mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko.

"Nani akupeleke wewe?" mkewe akasema. "Anayekwenda ni mwanao! Anakwenda kusoma, chuoni. Mwisho wa kuchagua kozi ni kesho. Kulikuwa na saikolojia, kulikuwa na sosholojia, kulikuwa na ile ya kusoma watu na mila zao, mpaka vichwa vikatuuma. Mwisho amechagua ustawi wa jamii."

Fundi akashusha pumzi ya mchana kutwa. "Kumbe masomo! Sasa kwa nini mimi nisijue?"

Kicheko kikakatika. Mama na mwana wakatazamana.

"Tulikuogopa," mkewe akasema.

Mchana kutwa aliogopa kuaibishwa mbele za watu. Sasa aliogopa kitu kibaya zaidi: kwamba mtoto huyu angeondoka kwenda chuo bila kumuaga, na yeye asingekuwa na haki ya kulalamika.

"Baba," binti akauliza polepole, "ulidhani mama anakwenda kukushtaki kwa lipi?"

Alilijua. Tangu asubuhi alilijua.

"Kwa kutosema na wewe," akamjibu. Na akamjibu yeye, si mama yake.

Machozi yakamlenga binti. "Kwa hilo, baba, mimi mwenyewe ningekupeleka."

Fundi akavuta kigoda, akakaa mbele yake.

"Usingoje mpaka ufike huko chuoni," akasema. "Nishtaki hapa hapa. Anza."