Riwaya Kwenye Rafu ya Mapishi

"Riwaya za siku hizi hazitapata hata senti yangu!" fundi bomba alijigamba mbele ya chama kizima cha wasomaji wa mji wetu wa Moncton. Tangu hapo huja kwenye duka letu la vitabu kila Jumamosi, huvua glavu, hulowesha kidole kwa ulimi, husoma amesimama wima huku akiguna: "Huyu anaeleza theluji kurasa tatu, kwani sisi hatuna madirisha?" Akiondoka hukificha kitabu kwenye rafu ya mapishi, asije mtu akakinunua. Mimi hujifanya sioni, maana nataka kujua ni kipi kitamshinda.

Jumamosi iliyopita alimkuta Bi Thibodeau, mpishi wa shule, yuko kaunta na kile kitabu alichokuwa amekificha.

"Achana nacho, mama. Mtu mzima anamsubiri mumewe stesheni kitabu kizima, ujinga mtupu!"

"Kwani anakuja?"

Mkono wa fundi wenye makovu ya spana ukabaki hewani. "Sijafika huko."

"Basi nikimaliza nitakusimulia."

"Usithubutu!" Akaniinamia. "Binti, kuna kingine kama hiki?"

"Kipo kipya, mzee, cha jalada gumu. Chama nikiambie?"

Akatoa pochi. Dola thelathini na nne.