Kwenda Olkaria na Baba Kabla ya Aislandi

Mapema mwaka huu nilisafiri kwenda Naivasha kwa sababu baba yangu alikuwa amenikataza nisiende Aislandi.

Nasoma mwaka wa tatu wa jiolojia, elimu ya miamba na yanayotendeka chini ya ardhi. Idara yetu ilinichagua niende Aislandi kwa mwaka mmoja nikasomee mvuke wa ardhini, ule unaochimbwa ili uzungushe mitambo ya umeme. Nilipofika nyumbani Kangundo na habari hiyo, mama alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini. Baba aliendelea kumenya muwa wake. Alipomaliza akasema, "Hapana."

Baba si mtu mkali. Tangu ujana wake alikata mawe ya kujengea kwenye machimbo ya Mlolongo, mpaka mgongo ulipokataa, na jasho hilo ndilo lililonisomesha. Huniita mwaitu, yaani mama, kwa kuwa nimerithi jina la mama yake, Mutheu. Lakini ndugu yake mdogo, Mutua, alikwenda ng'ambo kusoma kabla sijazaliwa. Kila mwaka alipiga simu akisema Disemba atakuja. Baadaye simu zenyewe zikakoma. Nyanya alizikwa akiwa bado anamngoja.

"Nionyeshe mtu mmoja," baba aliniambia, "mmoja tu, aliyeenda kusoma hayo mambo yenu na akarudi. Nimuone kwa macho yangu."

Nilimjua mmoja. Daktari Nyambura aliwahi kuja chuoni kutufundisha kuhusu visima vya mvuke vya Olkaria, anakofanya kazi. Yeye alisomea Aislandi. Nilimpigia simu nikamweleza shida yangu bila kuzunguka.

"Mlete mzee," akasema. "Mje mlale kwangu."

Alfajiri tuliondoka Kangundo na jirani yetu Kioko, ambaye hupeleka maembe Naivasha kwa gari lake. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mibuni. Baba alikaa mbele, amevaa koti la kanisani na viatu alivyoving'arisha jana yake, nami nikakaa nyuma kando ya makreti. Tulipita Tala, tukapita Joska, na muda wote huo yeye na Kioko walizungumza habari ya nzi wanaoharibu maembe. Mimi hakunisemesha. Niliielewa hali yake. Alikuwa amekubali kwenda kuona, hakuwa amekubali zaidi ya hapo.

Baada ya Limuru, jua likiwa limepanda, tulifika mahali ambapo nchi inakatika ghafla na barabara kuanza kuteremka Bonde la Ufa. Kioko alisimama kukaza kamba za makreti kabla ya mteremko. Baba akashuka. Alikuwa hajawahi kuliona Bonde. Alisimama ukingoni, mikono nyuma, akatazama chini kule mashamba yalikokuwa madogo kama viraka vya nguo.

"Ni nani alichimba hii?" akauliza, nusu mzaha.

Nikamwambia hakuna aliyechimba. Ardhi inavutwa huku na huku, katikati pakadidimia, na mpaka leo inaendelea kuvutwa, polepole kuliko kucha zinavyoota. Nikamwonyesha mlima Longonot, ule wenye shimo kileleni, nikamweleza ulivyotapika moto zamani.

"Hata lile jiwe ulilokuwa unakata Mlolongo, Baba, lilitoka kwa volkano. Ni majivu yaliyotua yakashikana."

Aligeuka akanitazama. "Miaka hiyo yote nilikuwa nakata majivu?"

"Majivu."

"Na mbona hukuniambia?"

"Hukuwahi kuniuliza, Baba."

"Sasa nauliza."

Akauliza kweli. Kutoka pale mpaka Naivasha aligeuza shingo kuelekea nyuma, akaniuliza moto huo uko chini kiasi gani, kwa nini hautoki kwetu Kangundo, na kama Aislandi nako kumepasuka namna hii. Nilimwambia kule kumepasuka zaidi, kiasi kwamba mtu anaweza kutembea ndani ya ufa wenyewe. Kioko akawasha redio, baba akaizima.

Daktari Nyambura alitupokea mjini Naivasha kwa gari la kazini. Ni mama mrefu wa makamo, mwenye sauti ya chini na viatu vizito vilivyojaa vumbi. Alimsalimia baba kwa mikono miwili, akatupa kofia ngumu na vizibo vya masikio, na safari ya Olkaria ikaanza, kwanza kando ya ziwa na mashamba ya maua, halafu juu vilimani.

Nimeona picha za mahali pale darasani mara nyingi, lakini picha haina harufu wala mtetemo. Mabomba ya rangi ya fedha yanapanda na kushuka vilima kwa umbali ambao jicho haliufikii. Kila baada ya hatua kadhaa yamepindwa yakafanya umbo la lango, ili yakishika joto yapate nafasi ya kurefuka. Chini ya lango mojawapo pundamilia walikuwa wakila majani, hawana habari nasi. Kila upande mvuke mweupe ulikuwa ukipanda, na upepo ukatuletea harufu kama ya yai lililoviza.

Siku hiyo walikuwa wanafungua kisima kipya kukijaribu. Tulisimama mbali, nyuma ya kamba. Fundi alizungusha gurudumu la vali, na kwanza hapakuwa na kitu. Kisha ukatoka mngurumo ambao sikuusikia kwa masikio peke yake, niliusikia kifuani na kwenye meno. Nguzo ya mvuke ilipanda mpaka nikalazimika kuinua uso. Nilihisi mkono wa baba umeshika wangu, mgumu, wenye sugu, na hakuuachia mpaka walipofunga.

Alipotoa vizibo, machozi yalikuwa yamemtoka. Akayafuta kwa mgongo wa mkono. "Ni upepo," akasema.

Jioni tukiwa nyumbani kwa Daktari, tumekula chapati na njahi, yale maharagwe meusi, baba aliweka kikombe cha chai chini.

"Madam, niko na swali. Wewe ulirudi kwa nini?"

Nilitabasamu, kwa maana nilijua jibu litakuwa zuri. Daktari Nyambura hakutabasamu.

"Mzee, sitakudanganya. Karibu nisirudi. Walinipa kazi kule, na niliipenda. Nikiwa huko baba yangu akafariki, na sikuwahi mazishi. Niliyatazama kwa simu, nikiwa nimekaa jikoni, nje theluji." Alimwongezea baba chai. "Nilirudi kwa sababu vilima hivi vingine hakuna mtu alikuwa amevipima, na nilitaka kuwa mmoja wa wale watakaovipima. Lakini siwezi kukuambia Mutheu atarudi. Hilo hata yeye halijui."

Baba alitikisa kichwa polepole. Akashukuru kwa chakula, akaomba kuonyeshwa pa kulala.

Nilimfuata Daktari jikoni. "Nimemtoa Kangundo mpaka hapa ili umwambie hivyo?"

Aliendelea kusuuza vikombe. "Ulimleta aone mtu aliyerudi. Ameniona. Ungetaka aone sinema?"

Nililala nikijua Aislandi imekwisha. Nilianza hata kupanga maneno ya kuiambia idara.

Asubuhi Daktari alitusindikiza mpaka sokoni, ambako Kioko alikuwa akitungoja na makreti matupu. Baba alimwambia, "Mungu akubariki. Siku moja uje Kangundo, nikuonyeshe kahawa yangu." Daktari akaahidi kuja. Tukaanza kupanda kurudi, na safari hii baba aliketi nyuma pamoja nami.

Tulipomaliza mlima nilijikaza. "Baba, nakuahidi nitarudi. Mwaka mmoja tu, halafu—"

Aliinua mkono. "Usiniahidi."

"Lakini Baba—"

"Mutua aliahidi. Kila mwaka aliahidi, na kila mwaka mama yangu alichinja kuku. Yule daktari hakuniahidi kitu. Aliniambia karibu asirudi, na nimemwona pale, na viatu vyake." Alitazama nje. "Wewe usiniambie utarudi, mwaitu. Niambie ukiwa na shida utapiga simu. Na siku ukitaka kubaki, uniambie hivyo hivyo, kama mtu mzima. Hiyo nitaweza kubeba."

"Nitakuambia."

"Basi utaenda."

Nililaza kichwa begani pake, na tukapita Ruai na Joska hivyo, koti lake la kanisani likinuka mvuke wa Olkaria.

Tangu hapo maandalizi yanaendelea. Nitaondoka mwezi wa nane. Nilikwenda Naivasha nikidhani kupanga masomo ya ng'ambo ni pasipoti, visa na barua za idara. Sasa naona sehemu kubwa ya mpango huo ni watu unaowaacha nyuma, kujua wanaogopa nini hasa, na kutowapa maneno matamu badala ya ukweli. Daktari Nyambura alilijua hilo. Kama angempamba baba yangu kwa maneno, ningekuwa bado namenya muwa naye pale nyumbani, tumenyamaziana.

Jumamosi iliyopita tulikwenda soko la mitumba la Kangundo kutafuta koti la baridi. Tulipata moja, zito, lenye manyoya shingoni. Lilikuwa kubwa kwangu, nikasema tuliache, lakini baba alilivaa yeye mwenyewe, akafunga vifungo vyote mpaka kidevuni, akakaa kwenye kiti cha mwenye duka, katikati ya jua la saa saba. Watu walisimama kutazama. Wengine walicheka. Jasho lilimtiririka usoni, na hakuinuka.

"Subirini," aliwaambia. "Bado napima joto lake."