Viti Vyembamba vya Dada

Naanza kwa kusema ukweli ili tusipotezeane muda: dada yangu namwonea wivu. Wala sizungumzii wivu wa kusifia mdomoni na kununa moyoni. Wangu uko wazi, yeye mwenyewe anaujua, mume wangu anaujua, na nadhani hata majirani wameshaunusa.

Sababu yake ukiisikia utacheka. Dada hana gari, hana mume, hana nyumba ya kwake. Amepanga vyumba viwili sakafu ya chini, kwenye jengo ambalo rangi yake imebabuka. Kazi yake ni kupokea wagonjwa kwenye kliniki ya meno: anakaa mezani karibu na mlango, anaandika majina, anawaambia watu wasubiri, anawaambia wasiogope. Alianza kazi hiyo mimi nikiwa bado mwanafunzi. Mimi nina sebule ambayo ukiongea upande huu, aliye upande ule hakusikii mpaka urudie. Nina makochi ya watu saba, manene, yenye vifungo vya rangi ya dhahabu mgongoni, na nailoni yake ya dukani sijaitoa mpaka leo ili yasichafuke. Lakini ndugu wakija, kwangu wanapita kunisalimia, na kwa Dada ndiko wanakokwenda kukaa.

Na wanakalia nini huko? Viti vya kliniki ya meno.

Jengo la kliniki lilijengwa miaka ile ya sitini, na vyombo vyake vilinunuliwa pamoja nalo. Alipoingia daktari mkuu mpya akasema vinamtia aibu, akaleta viti vya chuma vilivyoungana kwa mstari, vya zamani akaamuru vitolewe. Wafanyakazi wakaambiwa kila mtu achukue anachotaka. Mfagizi alichukua feni. Mhasibu alichukua kapeti. Dada akachukua viti viwili vya mbao, kabati moja refu la chini, na taa ya kusimama yenye miguu mitatu. Vililetwa kwa mkokoteni, nami nilikuwepo. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nilimwambia viti hivyo vimekonda kwa sababu waliokuwa wakivikalia walikuwa hawawezi kutafuna.

Yeye akavisugua kwa msasa laini, akavipaka mafuta, akashona foronya mpya za manjano iliyokolea. Hata baada ya hapo ungesema fundi aliviacha njiani. Miguu ni myembamba, inazidi kukonda kuelekea chini, na imetanuka kidogo kama ya mtu anayejiandaa kutwishwa mzigo. Mikono ni mbao tupu, imelainika kwa kushikwa. Mto wa kukalia, mto wa mgongo, basi. Hakuna nakshi, hakuna ua, hakuna kifungo. Kabati nalo limekaa chini chini, milango yake inasukumwa pembeni badala ya kufunguliwa, na juu yake Dada ameweka redio na bakuli la udongo. Bakuli moja! Juu ya kabati langu la vioo kuna maua ya plastiki, vikombe vya harusi, farasi wawili wa kauri, na saa ambayo haitembei.

Chumba chenyewe kinaingia mara tatu kwenye sebule yangu, lakini ukiingia unahisi umepata nafasi. Ni kwa sababu unaona sakafu. Kila kitu kimesimama kwa miguu yake, mwanga wa dirishani unapita chini mpaka ukutani, na Dada anafagia bila kumwinua mtu. Watoto wangu wakifika kwa mama yao mkubwa wanalala kifudifudi pale chini wanasoma. Kwangu hawajui sakafu ina rangi gani. Mume wangu, ambaye anauza vipuri vya magari na hajawahi kusifia kitu kisicho na injini, alikaa pale jioni moja, akainuka, akakipindua kiti, akachungulia maungio yake, akasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Njia nzima ya kurudi nyumbani sikumsemesha.

Hayo yote ningeyameza. Lakini Mama akaanguka.

Alianguka bafuni, akavunjika nyonga, akapasuliwa, akalazwa wiki kadhaa. Alipokaribia kuruhusiwa ikabidi tuamue ataishi na nani, maana kukaa peke yake ndiyo basi tena. Mimi ndiye kitinda mimba. Mama alininyonyesha mpaka watu wakamsema. Tangu utoto Dada alikuwa msaidizi wa Mama, mimi nilikuwa mtoto wake, na kati ya vyeo hivyo viwili sikuwahi kujua kipi ni kikubwa. Sasa nilitaka kujua. Nilitaka Mama aje kwangu, akae kwangu, na akiulizwa na watu aseme yuko kwangu. Dada hakubisha. Alisema nyumba yangu ina nafasi, na yeye kutwa yuko kazini. Kutokubisha kwake nako kuliniudhi.

Mama akaja, nikamkalisha kwenye kochi kubwa, na kochi likammeza. Sitii chumvi. Magoti yalipanda juu ya kiuno, mabega yakazama, ukitokea nyuma humwoni. Mtaalamu wa mazoezi hospitalini alikuwa ametuonya tusimkalishe mahali palipo chini sana, na nilimsikia vizuri, ila kochi langu ni laini, na mimi nilidhani ulaini haumuumizi mtu. Akitaka kuinuka, anaita. Mimi nakuja mbio, natia mikono chini ya makwapa yake, nahesabu mpaka tatu, namvuta, nailoni inalia. Akishasimama ananishikilia kwanza mpaka kizunguzungu kimpite, kichwa chake begani kwangu. Nilipenda. Nilipenda kuitwa. Siku nyingine nilikuwa nakaa jikoni sina kazi yoyote, nasubiri tu sauti yake.

Jumapili moja akasema tumpeleke kwa Dada akapate hewa. Akakaa kwenye kimoja cha vile viti vilivyokonda, nyayo zote mbili chini. Tukanywa chai, tukasengenya kidogo. Halafu nikamwona Mama amesogea mbele, ameshika ile mikono ya mbao, amekandamiza viganja, na huyo amesimama. Peke yake. Mimi nilikuwa nimeshainuka, mikono yangu iko hewani, haina wa kumshika. Dada aliendelea kumimina chai kama vile hajaona kitu. Mama akachukua fimbo yake, akaenda msalani, akarudi, akakaa. Baada ya muda akainuka tena, na safari hii hakuwa na pa kwenda. Aliinuka tu, akakaa, akatabasamu peke yake. Akaomba alale pale siku mbili. Siku mbili zikazaa wiki, na wiki zikazaa mwezi; Dada akiwa kazini, jirani wa mlango wa pili ndiye aliyekuwa anamchungulia.

Mwenye wivu ajinyonge, wanasema. Mimi nilikwenda kwa seremala.

Nilimwonyesha picha kwenye simu. Nikamwambia nataka hichohicho, ila kiwe cha heshima. Miguu ainenepeshe, watu wasije wakadhani tumefilisika. Mgongo aupandishe. Sponji aongeze, na ubavuni atie nakshi kidogo. Fundi akauliza sasa kwenye picha achukue nini. Nikamwambia achukue wazo. Kilipokuja kilihitaji wanaume watatu kukiingiza, na mlango ulikwaruzika. Nikamleta Mama akijaribu. Miguu yake haikufika chini. Alikaa pale ananing'inia kama mtoto kwenye kiti cha kinyozi, akaniuliza kwa upole kama kuna hotuba anatakiwa kutoa. Mume wangu alitoka nje kwenda kucheka. Jioni ile ile Mama akarudi kwa Dada.

Kesho yake nikamfuata Dada alipotoka kazini. Nilimkuta bado na sare ya kliniki, amevua viatu, Mama amelala chumba cha pili. Nilimwambia yote. Kwamba tangu utoto anashinda bila kushindana. Kwamba ameniibia mama kwa vipande vya mbao vilivyotupwa. Alinisikiliza kama anavyowasikiliza wenye maumivu ya jino, bila kunikatiza.

"Mchukue Mama," alisema nilipomaliza. "Na kiti chake kichukue. Mimi cha pili kinanitosha."

Akakibeba mwenyewe mpaka kwenye gari, kwa mkono mmoja, kumbe ni chepesi hivyo. Nilitaka anikatalie. Angenikatalia ningekuwa na la kumsema, lakini mtu anayekupa unamfanyaje? Nilipiga moyo konde nikampeleka Mama nyumbani, na kiti kikasimama katikati ya sebule yangu.

Wageni walianza kuja, na wa kwanza kabla hata hajamjulia Mama hali aliuliza kiti kile nimekipata wapi. Jirani akaomba akikalie kidogo, akakaa mpaka magharibi. Makochi ya watu saba hakuna aliyeyatazama. Mama naye alikuwa anakaa, anainuka, anatembea mpaka dirishani, anarudi. Siku nzima ilikuwa inapita sijaitwa. Nikajipa kazi jikoni, nikawa nasugua masufuria yaliyokwisha kung'aa. Nikimpelekea chakula naweka kwenye stuli, namuuliza kama chumvi imekolea, naondoka. Nilikuwa nimekinunia kiti, lakini kiti hakijui kununiwa, kwa hiyo aliyepata taabu ni Mama.

Mchana mmoja alikuja mpaka jikoni kwa miguu yake mwenyewe, akaegemea mlango.

"Mwanangu, Jumamosi nirudishe kwa dada yako."

Nilimuuliza kuna nini tena. Kiti si kipo? Si anainuka anavyotaka, hamsumbui mtu?

"Kiti kipo," alisema Mama. "Wewe ndiye hupo. Kwa dada yako viti ni viwili, akirudi kazini anakaa kile kingine, tunaongea."

Nikafungua bomba, nikaosha sufuria safi.

Jumamosi nikampeleka. Kiti kikarudi mahali pake, kikatazamana na mwenzake, ile taa katikati. Mama akakaa. Mimi nikabaki nimesimama na mfuko wa dawa mkononi, natafuta namna ya kuaga upesi. Dada akasema wiki nzima amekaa, anataka kunyoosha miguu jikoni, nikalie hicho chake. Sikuwahi kukikalia. Miaka yote hiyo nikifika pale nilikuwa nachukua stuli, kwa ubishi tu.

Nikakaa. Kilinishika mgongo palepale panaponiuma, ambapo sijawahi kumtajia mtu. Mikono ikapata pa kulala. Nyayo zikatua zote. Nilikichukia. Kilikuwa kizuri kuliko chochote nilicho nacho nyumbani kwangu, na mwenyewe alikuwa jikoni anatuchemshia chai huku anaimba taratibu. Wivu ulinipanda upya mpaka masikio yakapata moto.

Nikainua macho. Mama alikuwa mbele yangu, uso kwa uso, magoti yetu karibu yagusane, na hakuwa na haraka yoyote.

"Haya, niambie," alisema. "Habari za kwako?"