Seva Iliyovikwa Kitambaa

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya ofisi moja hapa Kibaha. Mfumo ulikuwa umezima tangu asubuhi. Mbele yangu alisimama mama wa Mzenga aliyefuata cheti cha kuzaliwa cha binti yake. Maombi ya chuo yalikuwa yanafungwa saa kumi siku hiyo hiyo.

Saa nane akaingia msimamizi wa mifumo, jasho likimtiririka. Hakugusa kompyuta yoyote. Alikwenda moja kwa moja kwenye seva iliyokuwa pembeni, akaigusa, akautoa mkono haraka kama aliyeshika kikaango. Seva ilifunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, chenye maua, kama cha juu ya televisheni sebuleni.

"Nani kaifunika?"

"Mimi," karani akajibu kwa fahari. "Vumbi, kaka. Kitu cha gharama hicho."

"Dada yangu, hapa ndipo inapopumulia."

Akakikunja kitambaa taratibu, akamkabidhi kwa mikono miwili. Tukangoja mashine ipoe. Ilipowashwa tena na printa ikaanza kulia, foleni nzima ilipiga makofi, na mimi nikiwemo. Mama alitoka na cheti saa tisa na robo, karibu anakimbia.

Nilifika nyumbani Sofu nikiwa na hamu ya kusimulia. Mke wangu akaniwahi: king'amuzi kinajizima kila mara. Nikakitazama. Kimevikwa kitambaa alichokifuma mama yangu mzazi.

Msimamizi, kama unasoma hapa, njoo umwambie wewe.