Watu Bora Saba

Kwa miaka ishirini na miwili mkunga wa zahanati ile hakuwa na mpinzani, kwa sababu alikuwa peke yake. Chumba chake cha kuzalishia kilikuwa na kitanda kimoja cha chuma, mabeseni mawili, mizani ya watoto, taa ya miguu mitatu ambayo mguu mmoja umefungwa bandeji, na dirisha alilolipaka rangi nusu ili wapita njia wasichungulie. Alikuwa mwanamke wa sauti nzito na mikono midogo. Wanawake wa kata nzima walisema mtoto akimsikia tu hugeuka mwenyewe tumboni akakaa sawa. Walikuwa wanatia chumvi. Lakini katika miaka yote hiyo aliwapoteza akina mama wawili tu, na hao wawili hakupata kuwasahau hata siku moja.

Mshahara wake haukuwa wa kuzungumziwa mbele za watu. Mumewe, kinyozi mwenye kibanda karibu na stendi, alipenda kuwaambia wateja kwamba mshahara wa mke wake hufika nyumbani ukiwa hoi, hauwezi hata kukaa.

Sasa baraza la madiwani likakaa kuzungumzia mshahara wa madiwani. Mtoa hoja alikuwa diwani wa kata hiyo hiyo, mwenye duka la saruji, mtu wa mihula mitatu. Katika mihula hiyo mitatu, shimo lililo mbele ya zahanati lilikuwa limepata miaka kumi na tano na afya njema. Redio ilimrusha akizungumza kwa uchungu.

"Ndugu zangu, tuambiane ukweli. Mshahara mdogo unaleta viongozi wadogo. Mtu bora ana kazi yake, ana heshima yake. Ataiacha vipi aje kuhangaika na shida za watu kwa posho ya nauli? Tunataka watu bora? Tuwalipe!"

Hoja ilipita bila mtu kukohoa. Mshahara ukapandishwa mara nne, uanze na baraza lijalo, isije ikaonekana wamejipandishia wenyewe.

Mkunga aliisikia hotuba hiyo akichemsha vyombo. "Leo huyu mtu kasema la maana," alimwambia karani wa zahanati, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Jioni wifi yake, dada wa kinyozi, akaja na maneno yake mkononi.

"Wifi, hao watu bora wanaosemwa ni akina nani kama si wewe?"

"Niache bwana."

"Nikuache vipi? Nani kata hii hakujui? Wewe ukisimama, wengine watakaa wenyewe."

Mkunga alicheka, akamwambia wifi yake ana wazimu, akamwongezea chai. Wifi alipoondoka, akachukua kadi ya kliniki iliyoharibika, akaandika nyuma yake mshahara mpya, akautazama kwa muda. Kisha akaikunja kadi akaificha kifuani. Kesho yake alitangaza kwamba ameguswa na shida za wananchi. Yote mawili yalikuwa kweli, shida na kadi, na mimi simlaumu. Ningemlaumu nani, wakati hiyo ndiyo iliyokuwa shabaha ya mshahara wenyewe?

Tatizo lilikuwa sheria. Mtumishi wa umma akitaka kugombea, ajiuzulu kwanza. Na nafasi ikishaachwa wazi, haijazwi mpaka baraza jipya liidhinishe. Kinyozi alimkumbusha hilo akiwa anaunoa wembe wake.

"Na ukikosa?"

"Nitakosaje? Nusu ya kata hii nimeileta mimi duniani."

"Uliyoileta wewe, mama watoto, nyingi yake bado iko shule ya msingi."

Lakini kichwa kilikuwa kimeshavimba. Akaandika barua, akampelekea karani. Karani akaisoma mara mbili, akavua miwani.

"Na hawa wanaotarajia?"

"Wataenda hospitali kubwa. Ni kwa muda tu."

Hospitali kubwa ilikuwa mwendo wa saa tatu kwa basi. Mkunga alijua hilo kuliko mtu yeyote. Alitundika aproni yake kwenye msumari nyuma ya mlango, akatoka haraka bila kutazama kitanda.

Kumbe redio ile ilikuwa na wasikilizaji wengi. Kabla ya wiki mbili kwisha, mwalimu wa hesabu wa sekondari naye alikuwa amejiuzulu. Fundi wa maji, mtu pekee aliyeelewana na pampu ya mji, naye kajiuzulu. Wakafuata bwana mifugo na wengine watatu wa namna hiyo hiyo, watu ambao ukiwatafuta kazini unawakuta. Wakawa saba. Mshahara uliahidi kuwavuta watu bora, na kweli uliwavuta, wote kwa mpigo, bila kubakiza. Mabomba yakaanza kukohoa hewa. Hesabu sekondari ikafundishwa na mwalimu wa michezo, ambaye angalau alijua kuhesabu magoli.

Diwani naye hakulala. Zamani alikuwa akitetea kiti chake kivivuvivu, kwani hakikuwa na kitu. Sasa kilikuwa na kitu. Aliuza lori moja, akachapisha fulana zenye uso wake zikajaa mitaani, na mkononi hakukosa kitu cha kumpa mtu.

Na Mkunga akaanza kubadilika kidogo kidogo, kama ilivyo kwa mgombea. Mtu aliyepigania kitanda cha pili miaka minane bila kukipata, sasa aliahidi jengo zima la vitanda ishirini. Aligawa miche ya sabuni iliyofungwa kwenye karatasi yenye picha yake. Akikutana na mwanamke sokoni hakumuuliza tena mguu umevimba wapi wala mtoto anacheza kiasi gani. Alimuuliza kama ana kadi ya kupigia kura.

Wiki moja kabla ya uchaguzi, mwalimu wa hesabu aliwaita wenzake sita darasani kwake. Ilikuwa Jumamosi mchana. Walibanana kwenye madawati ya wanafunzi, magoti yakiwagusa videvu, naye akasimama ubaoni na chaki.

"Diwani ana watu wake mia tatu na themanini na kitu, muhula nenda muhula rudi. Waliobaki wote wanataka mtu bora. Lakini watu bora tuko saba. Tukiwagawana, anapita. Akisimama mmoja wetu, hapiti. Hata mtoto wa darasa la kwanza anaiona hii."

Waliiona. Walikubaliana kwa sauti moja kwamba sita wajitoe, abaki mmoja, na achaguliwe kwa kura ya siri hapo hapo, kistaarabu. Mwalimu akachana karatasi ya daftari vipande saba. Sanduku la kura likawa boksi la chaki.

Mkunga aliinamia kikaratasi chake. Aliwatazama wenzake kwa mapenzi ya kweli. Hawa ni watu wenye akili, alijiambia, watamjua tu anayefaa zaidi. Akaandika: Mkunga. Akakikunja mara nne.

Mwalimu alifungua cha kwanza, akasoma, "Fundi wa maji." Cha pili, "Bwana mifugo." Cha tatu, "Mkunga." Kufika cha tano sauti yake ilikuwa imeshuka, na cha saba, chenye jina lake mwenyewe, alikisoma akitazama dirishani. Majina saba, kura moja moja. Dawati la bwana mifugo likalia.

"Turudie?" aliuliza fundi wa maji.

Wakarudia. Matokeo yakawa yale yale, isipokuwa safari hii miandiko ilikuwa mikubwa zaidi. Walipeana mikono kwa heshima na kila mmoja akaondoka kwa njia yake. Mkunga alikwenda na aibu yake moja kwa moja kibandani kwa mumewe, akamweleza. Kinyozi alicheka mpaka mteja akaomba wembe uwekwe chini kwanza.

Diwani alipata kura mia nne na kumi na mbili. Mkunga akamfuata kwa mia tatu na sitini na saba. Wale sita wengine wakagawana elfu moja na nusu na ushee.

Mwezi mmoja baadaye, mwanamke mmoja alijifungulia ndani ya basi, katikati ya safari ya hospitali kubwa, abiria wakiwa wamegeuza nyuso. Mtoto alipona, mama nusura afe. Mkunga aliposikia hakula siku hiyo. Asubuhi yake alivaa gauni lake la harusi za watu, akapiga moyo konde, akaenda ofisini kwa Diwani, ambaye sasa ndiye mwenyekiti wa kamati ya afya.

Ofisi ilikuwa na makochi mapya ambayo bado yako kwenye nailoni. Diwani aliinuka kumpokea, akamvutia kiti. Hakuwa mtu mbaya wa kukaa naye.

"Karibu sana mama. Mimi sina kinyongo na mtu. Kampeni ni kampeni."

"Mheshimiwa, nimekuja kuomba nafasi yangu ya zahanati. Wanawake wanajifungulia barabarani."

"Nimesikia, mama. Nimeumia sana." Na kweli alionekana ameumia. "Lakini bajeti imebana. Hii mishahara mipya ya madiwani imekula fungu lote la ajira. Ile nafasi ilibidi tuifute."

Mkunga alikuwa amejiapiza kuzungumza kwa adabu, na adabu yake ilikuwa inaisha.

"Basi irudisheni, Mheshimiwa. Tena ikiwezekana muongeze mshahara kidogo tu, mpate na mkunga wa pili. Si ulisema mwenyewe redioni? Tunataka watu bora, tuwalipe?"

Diwani alimtazama kama mtu aliyesikia tusi kwa mtu asiyemtegemea.

"Hapo umenishangaza, mama. Wewe wa kusema hivyo? Ukunga ni wito! Tukiweka mshahara mkubwa pale, si watakuja wenye tamaa?"

Hakuwa anatania. Hilo ndilo lililomuuma Mkunga kuliko yote: mtu yule alikuwa anaamini kila neno. Alisubiri labda atacheka, hakucheka. Badala yake alifungua droo, akatoa fomu.

"Ninachoweza kukusaidia ni hiki. Ingia kama mkunga wa kujitolea. Utapata posho ya nauli."

Kutoka nyumbani kwa Mkunga hadi zahanati ni mwendo wa dakika tano kwa mguu. Alitamani kumrushia ile fomu usoni. Alitamani kulia pia, na hakutaka kumpa Diwani lolote kati ya hayo mawili. Akamfikiria yule wa kwenye basi. Akaomba kalamu, akatia saini.

Kesho yake asubuhi alikuta aproni yake bado iko kwenye msumari. Alikuwa hajamaliza kuifunga, karani akamwingizia mgonjwa wa kwanza, binti wa watu amekamatwa na uchungu, anashika ukuta. Alikuwa amevaa fulana ya kampeni. Uso wa Diwani ulikuwa umetanuka juu ya tumbo lile mpaka masikioni, na kila uchungu ulipokuja, Mheshimiwa alikunja uso.

"Huyu tumvue kwanza," alisema Mkunga, "mimi naye tumeonana jana."

Alimpandisha kitandani, akanawa, akampima. Bado kidogo. Kati ya uchungu na uchungu yule binti akamshika mkono.

"Mama, nina jambo linanichoma. Nikifa nalo..."

"Hufi. Sema."

"Kura yangu sikukupa."

"Nimeona. Umekuja naye."

"Si hivyo, mama! Hiyo fulana ndiyo nguo pekee inayonienea." Akahema. "Tulikaa, sisi tuliokuwa na mimba. Tukasema, huyu mama akipita, nani atatuzalisha? Tukaona tumpe yule wa siku zote. Yeye akienda kule, huku hatupungukiwi na kitu."

Mkunga alisimama na taulo mkononi.

"Mlikuwa wangapi?"

"Ishirini na sita."

Mkunga hakuwahi kusifiwa kwa hesabu, lakini hii aliipiga papo hapo. Ishirini na sita, watoke kwa Diwani, warudi kwake. Angepita.

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Tungekuambia vipi, mama? Kila tukikusogelea unatupa sabuni."

Alitaka kukasirika na akakasirika, kweli kweli, mpaka masikio yakamwaka moto. Na ndani ya hasira hiyo machozi yakamtoka, kwani katika kampeni nzima, na hotuba zote, na jina lake kusomwa mara mbili darasani kwa mwandiko wake mwenyewe, hakuna aliyekuwa amemwambia neno kubwa kama hilo. Akajifuta kwa kiwiko. Uchungu mwingine ukaja, na huu haukuwa wa mazungumzo.

"Haya, sukuma. Usipige kelele, sukuma!"

Alizaliwa wa kike, mwenye mapafu mazuri. Vitambaa vya zahanati vilikuwa vimekwisha tangu Mkunga alipoondoka, kwa hiyo mtoto alifutwa na kufungwa kwa ile fulana, na ndivyo Diwani alivyotoa huduma yake ya kwanza kwa zahanati katika mihula minne.

"Umekasirika, mama?" aliuliza binti, amelaza shavu kwa uchovu kwenye mkono wake mwenyewe.

"Sana. Pumzika."

Akampa mtoto wake, akanawa mikono, akafungua mlango. Kwenye benchi la korido walikuwa wamekaa wanawake watano, matumbo mbele, na kumbe ukuta ule ulikuwa mwembamba, walikuwa wamesikia yote. Hakuna aliyemtazama. Kila mmoja aliangalia miguu yake mwenyewe iliyovimba.

Mkunga aliwapitia mmoja mmoja kwa macho, taratibu.

"Anayefuata," akasema.