Taarifa Iliyotundikwa Ukutani

Mkwe wangu Aneth ni mhudumu wa afya wa kijiji chetu, huku upande wa Chemba. Mshahara wa maana hana. Ana begi, daftari na miguu. Tangu mwanangu afariki tunaishi wawili, na tumegombana mara moja tu.

Pampu ya kisima ilikufa mwezi wa nane. Tukarudi kuchimbua maji kwenye mchanga wa korongo, pale pale wanaponyweshea ng'ombe. Kiangazi mtu huvumilia. Mvua ikishuka, uchafu wote wa juu huingia humo na watoto huanza kuhara. Niliyaona mwaka wa sabini na nne, na nilizika. Kwa hiyo Aneth alikuwa na kazi moja: taarifa yake ifike ofisi ya kata kabla Novemba haijaisha, kijiji kiingizwe kwenye orodha ya kutengenezewa pampu.

Zamani angeandika kwa mkono. Siku hizi kata wanataka iliyochapwa. Ya Oktoba alichapiwa na Mwamvua wa steshenari, kwa Word. Pale dukani ilikaa vizuri. Ilipofunguliwa kata, kwenye kompyuta nyingine, jedwali likavurugika, idadi ya wanaonyonya ikaangukia mstari wa wazee. Geofrey, karani wa kata, akaisoma mbele ya watu.

"Dada, huko kwenu wenye miaka sabini bado wananyonya?"

Watu walicheka. Aneth alirudi nyumbani, hakula.

Kesho yake akamleta Mwalimu Respicius, anayefundisha hesabu sekondari. Alikuja na kompyuta yake, akaniamkia, akakaa.

"Dada Aneth, njia ni mbili. Word unaona unachokipata, ila ikihama mashine inaweza kuvurugika. Hii nyingine, LaTeX, unaandika maneno na amri zake, kupanga inapanga yenyewe. Inatoa PDF. Ipeleke popote, haisogei hata nukta."

"Ni ngumu?"

"Wiki ya kwanza utalia. Ukikosea alama moja inagoma."

"Taarifa yenyewe kurasa mbili," nikasema. "Alie kwa kurasa mbili? Muulizeni kwanza Geofrey hizo karatasi anazifanyia nini."

"Mama, mambo yamebadilika," Aneth akanijibu.

Hapo ndipo tulipogombana. Nilimaliza darasa la saba mwaka wa sitini na nane, nikapiga taipu ofisi ya ushirika miaka kumi na mmoja. Barua huandikwa kwa ajili ya mikono itakayoipokea, hilo hakuna kompyuta itakayonifundisha. Nilimwambia hivyo, na mengine ambayo sikupaswa kumwambia. Yeye akasema hatachekwa tena mbele za watu.

Alilia kweli wiki ya kwanza. Ya tatu akanyamaza, anagonga tu. Taarifa ikatoka tarehe ishirini na mbili, siku nane kabla ya mwisho. Mistari imenyooka, namba zimesimama chini ya vichwa vyake. Nilitafuta kasoro sikuiona. Akaituma.

Desemba orodha ikabandikwa: vijiji sita, chetu hakimo. Aneth akaenda kata.

"Mimi huwa nanakili taarifa za vijiji vyote nazibandika kwenye ya kata," Geofrey akamweleza. "Yako, kwa kuwa ni PDF, jedwali liligoma kunakilika, likaja namba tupu zimerundikana. Nikaiweka kando niichape upya, kazi zikanizidi. Ila ni nzuri, dada! Hebu ona."

Alikuwa ameichapisha na kuitundika ukutani, juu ya kiti chake, wenzake wa vijiji vingine wajifunze.

Mvua ilishuka kabla ya Krismasi. Januari tulizika wawili: mtoto wa jirani yetu Ester, wa miaka miwili, na mjukuu wa Mzee Abuu, aliyekuwa ameanza kutambaa. Aneth ndiye aliyewabeba wote hadi zahanati, mmoja baada ya mwingine.

Matanga yalipoanuliwa alirudi kata. Hakusalimu. Akapanda kwenye benchi, akabandua karatasi.

"Ah, dada, unatuondolea mfano wetu?"

"Wawili waliomo humu wamekufa. Namba zake si kweli tena."

Anasema Geofrey alifungua kompyuta. "Nisomee," akasema. Aneth akasoma, Geofrey akagonga mwenyewe, moja kwa moja ndani ya taarifa ya kata. Walimaliza kwa dakika kumi.

Mwalimu Respicius alikuja kutupa pole. Nilimpa kiti na maji.

Sasa Aneth anachapa kwa Word kwa Mwamvua, sentensi tupu bila jedwali, na Geofrey hapati taabu. Pampu bado. Tumo kwenye orodha ya mwaka ujao. Kila asubuhi Ester anapita mlangoni kwetu na ndoo kuelekea korongoni. Anasalimu, hasimami.