Kombe Ndani ya Birika

Shida ilianza mwaka 1962, mimi nikiwa na miaka minane. Nautaja mwaka kwa sababu watu wakisikia mtu hakusoma hudhani hata hesabu ya maisha yake hana. Mimi ninayo. Lakini nisingekaa kuandika haya kama si boila ya chumba cha tatu, ambayo wiki iliyopita ilianza kugonga.

Ko, ko, ko. Kama mtu aliyefungiwa ndani anabisha hodi. Mpangaji wangu, mmoja wa wageni wa kampuni za gesi waliojaa Palma kwetu, kaskazini mwa Msumbiji, siku hizi, akaja kulalamika kwamba maji ya moto hayatoki. Nikamwita fundi wa umeme, kijana wa Pemba, ile ya huku Msumbiji, mdomo mwingi. Akaifungua boila, akavuta kile chuma cha kuchemshia, wenyewe wanakiita rizistensia, kikatoka kimevaa ukoko mweupe mnene kama mguu uliovunjika ukafungwa hospitali.

"Bibi, nyinyi huku mnakunywa maji au mnakunywa mawe?"

"Tunakunywa vyote viwili," nikamjibu. "Wewe funga chuma kipya."

Akaugonga ule ukoko kwa bisibisi, ikapanda harufu ya chokaa iliyoungua. Nikajikuta nimekaa kwenye ngazi. Kijana akadhani bei imenishtua. Hakujua kwamba nimemkumbuka mama.

Mwaka huo niliousema, baba alivuka Ruvuma kwenda kukata mkonge upande wa Lindi. Alituachia birika. Si birika la kuweka mezani. Lilikuwa la bati, kubwa, likijaa linabebwa na watu wawili, amelitengenezesha kwa fundi. Mama yangu, Bi Somoe, akaanza kuuza chai na mihogo ya kuchemsha pale wanaume walipokuwa wakipimia nazi kavu. Birika hilo ndilo lililotulisha mama, mimi na mdogo wangu Anli. Ndilo lililoninunulia gauni la kwendea shikola, yaani shule. Birika likizimika, na sisi tumezimika.

Sasa niwaeleze maji. Tulichota kisima kilichochimbwa kwenye jiwe la matumbawe. Maji maangavu, unaona mpaka chini, lakini sabuni ukiitia haitoi povu, inageuka utando kama maziwa yaliyokatika. Kunde ukizipika kwa maji hayo zinagoma kuiva. Na kila chombo kinachoyachemsha huvaa fulana nyeupe ya chokaa kwa ndani.

Bibi mzaa mama alikuwa na njia yake. Alichukua kombe, lile gamba la chaza, akalisugua vizuri, akalitumbukiza ndani ya chombo. Chokaa hulipenda kombe. Hukaa juu yake, bati likasalimika. "Mpe kiti chake," bibi alikuwa akisema, "asije akakalia chako." Kila Ijumaa kazi yangu ilikuwa kulitoa kombe lililonenepa na kutia jipya. Bibi alikufa kabla baba hajaondoka, kombe likabaki. Maji yakichemka lilirukaruka mle ndani, ko, ko, ko, na wale wapimaji waliposikia waliacha magunia. "Haya, Bi Somoe anatuita!"

Hatua chache kutoka kwetu aliuza uji mama mmoja, Bi Tima. Uji wake ulikuwa unachacha, wateja wamehamia kwetu. Alhamisi moja akaja kuomba maji ya moto. Akafunua kifuniko, akazamisha upawa, ukatoka na kombe. Lilikuwa limemaliza wiki nzima, limevimba, lina nundu nyeupe kama meno.

"Jamani, njooni muone! Kumbe ndicho kinachowavuta! Mnanyweshwa dawa!"

Vikombe vikawekwa chini. Mwanamume mmoja akatema chai yake mchangani.

"Bi Somoe, nini hicho?"

"Kombe."

"Kombe la nini?"

"La chokaa."

"Chokaa ya nini tena ndani ya chai?"

Kila alivyojibu kweli, mambo yalizidi kuharibika. Mimi nilisimama pale na habari yote kichwani, tangu kisima mpaka fulana nyeupe. Nikafumbua mdomo. "Bibi alisema..."

"Nyamaza, Zaina," mama akanikata.

"Aaah! Mpaka bibi yake marehemu yumo!" Bi Tima akapiga makofi.

Mama akalichukua lile kombe, akaliweka juu ya jiwe, akalipiga kwa mchi mpaka likawa unga. Kisha akajimiminia kikombe kutoka birika lile lile, akanywa mbele yao mpaka tone la mwisho. "Tangu leo maji matupu," akasema. "Asiyetaka asinywe."

Kesho yake wakarudi. Lakini birika halikurudi lilivyokuwa.

Mwanzoni lilivaa fulana. Halafu koti. Ilipofika Ramadhani, ukoko ulikuwa mnene kama kidole changu, na moto uliotosha zamani sasa haukutosha. Kuni zikawa zinakwisha kabla chai haijachemka, tukawa tunazifuata mbali. Birika lenyewe lilikuwa likiguna juu ya moto kama mgonjwa. Nilikuwa nalitazama asubuhi mpaka adhuhuri, najua linakufa, najua dawa iko ufukweni imetapakaa bure, na siwezi.

Siku moja nikaweza. Nikatia kombe kwa siri. Akili ya mtoto: nilikumbuka yote isipokuwa kwamba kombe hupiga kelele. Maji yalipochemka, ko, ko, ko, na vikombe vikawekwa chini tena. Mama akazamisha upawa, akalitoa, akanizaba kofi mbele ya kadamnasi. Hakuwa amenipiga kabla, wala hakunipiga tena baadaye. "Nimelea mjinga," akasema kwa sauti kubwa, uso ameuelekeza kwa wateja, si kwangu.

Baada ya Idi likaanza kuvuja. Tukalipeleka kwa fundi bati, Mzee Chande, mtu mpole, jicho moja halioni. Akaingiza mkono, akapapasa.

"Chini limeungua, dada. Jiwe hili limezuia maji yasilipoze bati. Lazima niliondoe, lehemu haishiki juu ya chokaa."

"Ukiliondoa, bati litabaki?"

"Sijui, dada."

Mama akamsogezea birika. "Liondoe."

Akagonga polepole. Ukoko ukawa unabanduka vipande vipande kama ganda la yai. Alipomaliza akaliinua birika kuelekea jua, na sisi sote tukaona mwanga umepenya chini, matundu kama ya chekeche.

"Dada," akasema, "bati hapa lilikwisha zamani. Jiwe ndilo lililokuwa linawashikia maji."

Mama akacheka. Kicheko kifupi. Halafu akajifunika uso kwa kanga, na mabega yakaanza kutikisika. Mimi sikujua la kufanya na mikono yangu. Nikaokota kipande cha ukoko. Tulipofika nyumbani nikaandikia mlangoni: Z, A, I. Nilikuwa na miezi mitatu tu shikola, herufi hizo ndizo nilizokuwa na hakika nazo. Sikurudi tena huko shikola. Wiki ile ile nilipelekwa kutwanga nafaka kwenye nyumba za watu. Herufi zilizobaki nilizitafuta mwenyewe ukubwani, na hakuna wa kumshukuru.

Asubuhi iliyofuata Bi Tima alituletea bakuli la uji. Na kesho yake tena, na tena, kwa muda mrefu. Mama alikula na kushukuru. Mimi niligoma, nikamwona mama mwoga, amemwachia adui birika letu na sasa analamba bakuli lake.

Nilikuwa mtu mzima, nimeachika, nina vijiko vyangu na adui zangu, ndipo nikaelewa. Mwanamke asiye na mume, akishaitwa mchawi pale petu, hakuachiwa birika wala paa la kulala chini yake. Mama alijua sawasawa habari ya maji. Lakini mtu aliyeingiwa na hofu huwezi kumsomesha habari ya maji. Alikuwa na birika na alikuwa na watu, na mkono wa kushikia ulikuwa mmoja. Lile kofi nalo lilikuwa la kunikinga mimi, wasije wakasema mtoto amerithi. Nimetafuta njia nyingine aliyoweza kupita, zaidi ya miaka hamsini natafuta. Sijaiona.

Baba hakurudi. Mji umepata bomba, na bomba linavuta maji kwenye jiwe lile lile. Yule fundi wa Pemba alipokuwa anafungasha vyombo vyake aliniambia, "Bibi, hata chuma hiki kipya kitakufa." Nikamwambia najua.

Leo nina nyumba ya matofali yenye vyumba sita vya kupangisha. Nina matangi mawili ya maji ya mvua, ambayo hukauka kabla mvua hazijarudi. Boila tatu, moja imekufa. Friji moja. Cherehani. Kaburi la mama nimelijengea. Nina mabirika manne, na ndani ya kila birika kombe moja. Wapangaji huyatoa makombe na kuyatupa uani bila kuniuliza. Mimi huyaokota, nikayaosha, nikayarudisha.